Kikombe cha Hulda na Matanga ya Granville

Tangu nirudi simu yangu haipumui. Mmoja anauliza Uswidi kukoje, mwingine anauliza kama ni kweli nilikaa sakafuni kwenye nyumba ya watu nikalia, wa tatu anataka habari za getini. Nimechoka kurekodi sauti moja moja, hasa nikijua mnazisikiliza kwa mwendo wa haraka. Basi kaeni, nawaandikia mara moja. Habari za tiketi na viza hazina utamu, naziruka. Aliyelipa ni Bi Ingrid, na asiyependa akamuulize mwenyewe.

Rooty Hill

Bi Ingrid ni yule bibi wa Kiswidi ninayemhudumia Jumamosi na Jumapili hapa Sydney, karibu na stesheni. Ana miaka themanini na tisa. Akili yake inakata, ila miguu imekataa. Siku za kazi mimi niko Granville, kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Wikendi namwogesha yeye, nampikia uji, tunabishana mpaka saa yangu ya kuondoka.

Jumamosi moja niliingia kwake nimefura, nabamiza masufuria. Akauliza masufuria yamenikosea nini, nikamweleza habari za Mama Neema.

Mama Neema ni Mkongo, mtu wa Uvira. Miaka mitatu tumesimama naye kwenye mashine moja, ile yenye rola za moto za kunyoosha mashuka. Kinga ya mbele ya ile mashine ilikuwa imelegea. Tulisema, tukasema tena, hakuna aliyesikia. Siku moja rola ikamuunguza mkono wa kulia, kiganja chote. Alipotoka hospitali wakamletea karatasi asaini kwamba yeye ndiye aliyezembea. Akakataa. Wiki iliyofuata jina lake halikuwa kwenye rosta, ile orodha ya zamu. Sisi vibarua wa kuitwa siku kwa siku hatufukuzwi, ndugu zangu. Jina linakosekana tu, unabaki unaitazama simu.

Tuliobaki kwenye mstari wa kukunja tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyewatumia ujumbe, mimi ndiye niliyesimama juu ya kiti wakati wa chai nikahutubu. Tukapatana kwamba Jumatatu twende wote kwa meneja, tumwambie mambo mawili: Mama Neema arudi kazini, na ile karatasi ichanwe. Jumatatu ikafika, tukajikuta wanne. Wengine tumbo, wengine mtoto, wengine treni. Meneja akatutazama, akasema kwa upole kabisa kwamba mwenye shida amwone mmoja mmoja, kwa wakati wake. Nilitoka pale na hasira, na sijui niliwakasirikia zaidi yeye au wale saba.

Bi Ingrid alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaniambia nifungue kabati la vyombo, nitoe kikombe kilicho nyuma kabisa. Kilikuwa kikombe cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni.

"Hicho ni cha bibi yangu, Hulda," akasema. "Alikuwa mfua nguo. Alifulia nyumba za matajiri kwenye maji ya baridi, wakati ambapo mwanamke akisema 'chama cha wafanyakazi' alichekwa barabarani. Wanaume walikuwa na ukumbi wao, wakamnyima. Akawakusanya wafuaji wa mji mzima bila ukumbi. Alitembea nyumba kwa nyumba na hicho kikombe mfukoni mwa aproni."

Nikamuuliza kikombe cha nini.

"Wale wanawake walikuwa maskini. Nyumba nyingine ina vikombe viwili na watu saba. Akija mgeni, mwenye nyumba anaona aibu. Hulda alikuja na cha kwake, ili asiwepo wa kuona aibu."

Akaniambia tena kwamba Hulda alizikwa bila alama yoyote, na kwamba mwezi wa tano mji ule sasa unamwekea jiwe kaburini. Yeye hawezi kusafiri. Anataka niende mimi, nipeleke kikombe.

"Mimi nani wake?" nikauliza. "Una watoto, una wajukuu."

"Watoto wangu wana ofisi," akasema. "Wewe umefua."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Mimi niliposikia kaburi na jiwe, nilielewa jambo moja tu: msiba. Kwetu Mwanza jiwe likiwekwa watu wanakusanyika, wanawake wanakaa chini kwenye mikeka, wengine wako jikoni, nyimbo zinaimbwa, mwenye kulia analia. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna watu wanaweka jiwe la kaburi kwa namna nyingine.

Granville, saa ya chai

Niliwaaga wenzangu siku ya Ijumaa. Mama Neema alikuja mpaka nje ya geti, maana ndani haruhusiwi tena, mkono umefungwa bendeji, amebeba kitenge cheusi chenye maua madogo. Kile ndicho alichovaa alipomzika mama yake.

"Uvae hiki kule, dada," akasema. "Usiende mu kilio ya watu na suruali. Na uwaambie poleni, mi pia niko nawapa pole."

Nikamuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje. Akasema, "Niko tu. Kila siku naamka saa kumi, juu nimezoea. Kisha nakaa kitandani, sina kwa kwenda."

Wanjiru alikuwa amesimama pembeni anakula ndizi. Mnamfahamu Wanjiru, binti wa Nakuru, mdomo wake haulali. Naye alikuwa mmoja wa wale saba.

"Aki Mama Jeni, si useme tu ukweli," akasema. "Umeona mambo imekuwa moto, unatoroka. Utarudi na picha za theluji, sisi tukiwa hapa hapa."

"Nitarudi baada ya wiki mbili."

"Na jina lako litakuwa kwa rosta ukirudi?"

Neno hilo lilinichoma. Lakini kilichoniuma si rosta. Liliniuma kwa sababu Mama Neema alikuwa amesimama pale anasikia, na kwa muda mfupi nilimwona ananitazama kama mtu anayepiga hesabu kama kweli nitarudi.

Uwanja wa ndege

Kikombe nilikibeba mkononi, sikutaka kukiweka kwenye sanduku. Kwenye ukaguzi wakakitoa. Dada mmoja mnene mwenye ua sikioni akakipitisha kwenye mashine mara mbili, akakifuta kwa kitambaa chao, akasubiri mashine iseme neno.

"Cha nani hiki?" akauliza.

"Cha marehemu."

Akaniangalia. "Marehemu gani?"

"Mfua nguo. Nakwenda msibani."

Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine. Nikasimama bila viatu nikisimulia habari za Hulda kwa watu watatu wenye sare, nyuma yangu watu wanasonya. Yule wa tatu akauliza kama kuna majivu ya mtu ndani. Nikampindulia kikombe juu ya kiganja chake, aone. Yule dada mwenye ua akaniambia taratibu kwamba bibi yake naye alifua nguo za hoteli huko kwenye visiwa vya kwao maisha yake yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Baada ya hapo ndege ikachelewa kwa saa tano, nikala mandazi yote niliyopika kwa ajili ya wafiwa.

Njiani, mji wa kubadilishia ndege

Kwa kule kuchelewa, ndege ya pili ikaniacha. Wakanipa karatasi ya chakula na kiti cha chuma cha kungojea mpaka mchana.

Chooni nikamkuta mama anapiga deki, anajiimbia pole pole. Nikatambua wimbo wa kanisani. Nikamwambia shikamoo, akashika fimbo ya deki kwa mikono yote akacheka. Alikuwa mtu wa Voi, ana miaka mitano pale. Nikanunua chai, nikarudi nayo, nikammiminia kwenye kikombe cha Hulda kwa kuwa bilauri ilikuwa moja. Nikamwambia akae tunywe.

"Hapa hatukai, dada," akasema. "Kamera iko pale. Nikikaa wananiandika."

Akanywa akiwa amesimama, mgongo ameupa kamera, mimi nimesimama mbele yake kumkinga. Kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku mwanamke mzima hana ruhusa ya kukaa. Nikamweleza kikombe ni cha nani. Akakitazama ndani, akasema, "Huyo mama alikaa na watu. Mfikishie salamu zetu sisi tusiokaa."

Treni ya Uswidi

Kule treni ni safi na watu wake hawasemi. Niliingia nikawasalimia wote, nilivyozoea. Behewa zima likainama kwenye simu. Nikaketi karibu na mwanamume mmoja, nikamuuliza habari za nyumbani kwake, akajibu "nzuri", kisha akahamia kiti cha mbali. Sikumlaumu, ila nami sikuacha kusalimia.

Hakuna aliyeniambia kwamba treni ile hukatwa katikati. Tukafika stesheni fulani, tangazo likasomwa kwa Kiswidi, watu wakasogea mabehewa ya mbele, mimi nikaona wamenipisha nafasi nikanyoosha miguu. Kumbe mbele inakwenda kusini na nyuma inakwenda kwingine kabisa. Nilipeperushwa saa nzima mpaka kituo chenye benchi moja na ng'ombe. Yule mwanamume aliyenihama naye alikuwa pale, amepotea kama mimi, kwa sababu alikimbia salamu yangu akaishia behewa la nyuma kabisa, akasinzia, tangazo likampita. Tulingoja treni ya kurudi pamoja, akanigawia mkate wa samaki wa chumvi, na safari hii aliniambia habari za nyumbani kwake zote, mpaka talaka.

Nyumba ya Birgitta

Birgitta ni kitukuu cha Hulda, mwanamke wa makamo, mwalimu. Bibi yake na mama yake Bi Ingrid walikuwa dada, mabinti wawili wa Hulda. Nilifika kwake mchana wa siku ile ile ya shughuli, nimechelewa, na sebule imejaa watu. Nilikuwa nimebadilisha nguo stesheni, nimejifunga kitenge cha Mama Neema, kichwa nimekifunga. Nikavua viatu mlangoni, na walipoona nimevua viatu walifurahi sana.

Furaha hiyo haikudumu. Nilimshika Birgitta mikono yote miwili nikamwambia pole sana kwa msiba. Akasema asante, lakini nani amekufa. Nikasema Hulda.

Nikaendelea na taratibu zangu. Nilikwenda moja kwa moja jikoni, maana mwanamke hafiki msibani akakaa kama bwana harusi. Nikakunja mikono, nikaanza kuosha vyombo. Kulikuwa na kahawa na biskuti za aina saba, niliziangalia moja moja nikashangaa chakula chenyewe kiko wapi. Watu wakaingia kuleta vikombe vichafu. Mzee mmoja mwenye miwani akaniwekea koti lake mikononi, akanipa na kikombe chake, akasema asante, akaondoka. Nikalitundika koti, nikaosha kikombe. Mimi nilidhani ananichukulia kama mwenyeji. Kumbe ananichukulia kama kibarua.

Nilipomaliza nikaenda sebuleni. Viti vilikuwepo. Mimi nikakaa sakafuni, karibu na miguu ya Birgitta, mgongo ukutani, kikombe mapajani. Birgitta akanisihi nikae kwenye kiti, nikamwambia mfiwa haachwi juu peke yake na sisi hatukai juu yake. Ndipo akaelewa nilichokuwa nafanya. Akawaeleza wageni kwa Kiswidi, akataja jina la Ingrid, na nikamwona yule mzee mwenye miwani anakuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa msimamizi wa makumbusho ya mji.

Wakaanza kuniomba radhi. Mmoja akanieleza kwa adabu kwamba hii si siku ya huzuni, ni sherehe, Hulda amekufa zamani sana, hakuna anayemlilia. Aibu ilinishika, siwafichi. Nilitamani kuinuka. Lakini nikiinuka nitamwambia nini Mama Neema, kwamba nilivaa kitenge chake nikakivua? Nikamuuliza yule mtu, "Na wakati ule alipokufa, nani alikaa?"

Aliyejibu ni Birgitta, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hakuna," akasema. "Wenye nyumba kubwa walitangaza kwamba mfuaji atakayeonekana makaburini asirudi kazini. Alizikwa na mabinti zake wawili na mchimba kaburi. Bibi yangu alisema wanawake walichungulia madirishani. Alisema hivyo mpaka anakufa, kwamba walichungulia."

Kisha Birgitta akashuka kwenye kiti chake, akakaa sakafuni pembeni yangu. Akalia. Mwanamke mzima na mwalimu, akamlilia mama wa bibi yake ambaye hakumwona. Nami nikalia naye, kwa Hulda, na kwa Mama Neema anayeamka saa kumi bila pa kwenda, na kwa hasira pia.

Tulipofuta macho nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua tangu Rooty Hill. Hulda aliwaambia nini wale wanawake mpaka wakamfuata? Alihutubu vipi?

"Hakujua kuhutubu," Birgitta akasema. "Alikuwa na kigugumizi. Alibisha hodi, akasema, 'Nimekuja kukaa.' Anakaa, anakunywa kwenye kikombe chake, anasikiliza. Kisha kuna mfuaji mmoja alifukuzwa kwa sababu mikono yake ilipasuka ikatia damu kwenye mashuka ya hakimu. Hulda akawapitia wote tena, akawaambia kesho tukakae jikoni kwa huyo aliyefukuzwa. Walikaa siku nne. Mji mzima ulikosa shuka safi. Siku ya tano hakimu mwenyewe alikuja kubisha hodi."

Nilicheka nikiwa na machozi, mpaka wakadhani nimerukwa na akili. Siku nne jikoni kwa aliyepatwa, kila mtu ameacha kazi yake, hakuna hotuba. Hayo ni matanga, jamani. Mswidi wa zamani amekaa matanga na hakujua yanaitwaje.

Makaburini

Jiwe ni dogo, la kijivu, lina jina na neno moja la Kiswidi maana yake mfua nguo. Meya alisoma karatasi. Mimi nilimfikishia salamu za yule mama wa Voi, na za Mama Neema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida ya kuongea na mtu. Birgitta akamimina kahawa kwenye kikombe, tukanywa sote wawili.

Msimamizi wa makumbusho akanisogelea. Aliomba radhi kwa habari ya koti, nikamwambia yamekwisha. Kisha akasema wana sanduku la kioo tayari, lina taa, na kikombe kitawekwa pale na jina la Bi Ingrid. Alikuwa amenyoosha mkono kabisa.

Bi Ingrid alikuwa ameniambia niamue mwenyewe kikombe kibaki wapi. Nilikitazama kile kikombe na mdomo wake uliobanduka. Nikawaza wale waliochungulia madirishani, na wale saba wangu. Nilikuwa nimewakasirikia kwa mwezi mzima, lakini je, nimewahi kufika kwao? Miaka mitatu sijui Wanjiru anakaa nyumba ya namna gani. Niliwaita kwa ujumbe wa simu, nikawahutubia nikiwa juu ya kiti, kisha nikashangaa kwamba hawakuja.

"Hapana," nikamwambia. "Hiki bado kiko kazini."

Granville tena

Nilitua Sydney Jumamosi asubuhi. Nikafungua simu kuangalia rosta. Jina langu halikuwepo, Wanjiru alikuwa amesema kweli.

Nilimpitia Bi Ingrid, nikampa habari, akalia kidogo akaniambia nisikae kwake, nina kazi. Kuanzia Jumapili nikaanza kupita. Nyumba kumi kwa siku tatu, kwa treni na kwa miguu, Blacktown, Mount Druitt, Granville kwenyewe. Kila mlango nilisema hivyo hivyo: nimekuja kukaa. Walinitazama usoni, wakatazama kikombe, wakaniwekea chai. Sikutaja kiwanda mpaka wataje wao. Na walitaja. Nilijua siku hizo nani ana mume aliyelala kitandani, nani alitishiwa viza yake. Wanjiru anaishi chumba kimoja na wauguzi wawili wanaopokezana kitanda, na mgeni wao hana pa kuweka matako ila kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilikaa kwenye ile ndoo. Akaniwekea chai, akaniambia bila mzaha, "Ile Jumatatu nilifika hadi stesheni. Nikarudi. Niliogopa."

"Najua," nikasema. "Jumatano kuna matanga."

"Ya nani?"

"Ya kazi ya Mama Neema. Pale getini, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Njoo na leso na chupa ya chai."

Mnatujua sisi. Mkutano mtu anaukosa na bado analala vizuri. Lakini mwite Mkongo, mwite Mkenya, mwite Mtanzania kwenye matanga, halafu umwone akikuambia tumbo linamuuma. Hathubutu, maana anajua siku yake itafika na wenzake watakumbuka.

Mama mmoja wa chama cha wafanyakazi alinipigia simu, amesikia. Akaniambia niwe mwangalifu, mgomo una sheria zake, tunaweza kupelekwa mbele ya mahakama. Nikamwambia sisi hatugomi, tumefiwa. Akauliza matanga ni saa ngapi.

Jumatano kulikuwa na baridi na ukungu. Nilitandika mkeka kwenye njia ya waenda kwa miguu, Mama Neema akakaa katikati, mimi kando yake nimevaa kile kitenge. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa wawili. Sitawadanganya, moyo wangu ulishuka. Mama Neema akanishika goti na mkono ule mzima akasema, "Watakuja, dada. Kwa kilio watu wanakujaka." Wakaja. Wawili kutoka stesheni, kisha watatu, kisha wanne, kila mmoja anavua viatu pembeni ya mkeka, anamshika Mama Neema mkono, anasema pole, anakaa. Mmoja akaanzisha wimbo. Wa mwisho alikuwa Wanjiru, chupa mbili za chai kwapani, macho mekundu. Nilihesabu. Kumi na mmoja, pamoja na mwenye msiba kumi na wawili.

Saa kumi na mbili kengele ya ndani ikalia, mashine hazikuwaka. Magari ya mashuka machafu yakaanza kupanga foleni nyuma yetu. Meneja akatoka bila koti.

"Nani amekufa?" akauliza. Kwa kweli alikuwa na wasiwasi usoni.

Wanjiru ndiye aliyejibu, kabla yangu. "Kazi ya Mama Neema. Mliiua nyinyi."

Akasema mwenye shida amwone mmoja mmoja. Hakuna aliyeinuka. Akauliza tutakaa mpaka lini. Nikamwambia kwetu siku tatu ni kawaida, lakini tunamjua mama mmoja aliyekaa nne. Akaingia ndani, tukaendelea kuimba. Madereva wakazima injini, mmoja akashuka akaomba chai, akapewa.

Ilikuwa karibu saa mbili na nusu alipotoka tena, na ile karatasi mkononi. Akasema mashine itafungwa mpaka kinga itengenezwe, Mama Neema arudi, na mimi nirudi. Akataka kuichana karatasi mwenyewe.

"Hapana," Mama Neema akasema. "Ni jina yangu iko pale."

Akaipokea. Lakini mkono wa kulia ulikuwa bado umefungwa, karatasi ikamteleza. Wanjiru akapiga magoti, akashika upande mmoja kwa nguvu, Mama Neema akavuta kwa mkono wa kushoto, ikachanika vipande viwili, halafu vinne. Meneja akatazama saa yake akasema basi tuingie. Nikamwambia angoje, matanga hayaanuliwi bila chai. Nikamimina kwenye kikombe cha Hulda, akanywa kwanza Mama Neema, kikapita mkono kwa mkono, na hakuna aliyeharakisha. Kisha tukakunja mkeka tukaingia, Mama Neema mbele.

Kikombe kiko kwangu sasa, juu ya friji, nimekipindua kikauke. Wengi wenu mlioniuliza habari za safari mnafanya kazi maghala ya Port Botany, au mnalea wazee wa watu, na nimesikia mnayotendewa huko, hata kama kwenye simu mnasema mko salama. Siku yoyote mtu atabisha hodi kwako, ukifungua utaniona mimi na kikombe changu mkononi. Usianze kutafuta kiti kizuri, wala usiniulize nimefuata nini. Nimekuja kukaa.